Panzi wa kuprinti haruki: Lebu ya watoto wetu iko fildi

Ingia saiba yoyote ya Kayole, Githurai ama Pipeline Jumapili jioni utapata laini. Si watu wa KRA, si watu wa kutafuta kazi. Ni wazazi, mashangazi, kaka na dada waliotumwa na watoto wa Gredi ya 4. Mmoja anataka picha ya panzi. Mwingine anataka jani lenye mishipa inayoonekana. Mwingine ameambiwa mzunguko wa maji, na lazima uwe wa rangi. Kila karatasi ni pesa, na ya rangi ni pesa zaidi. Kesho asubuhi picha zitabandikwa kitabuni kwa gundi, mwalimu atatia tiki, na hadithi itaishia hapo.

Sasa toka hapo saiba, zunguka nyuma. Pale mtaro unapopita kuna nyasi, na kwenye nyasi kuna panzi mzima, bure, anaruka. Hakuna hata mmoja kwenye ile laini aliyemwona.

Hiyo ndiyo shida ninayotaka tuongee leo. Watoto wengi wa mjini wanasoma habari za wadudu, mimea, udongo na mvua kwa picha, ilhali shule nyingi zina lebu hatua chache tu kutoka mlango wa darasa. Inaitwa fildi. Ni ile kona ya nyuma ya choo penye majani. Ni ule mti mmoja wa kivuli, ule ukuta wenye ukungu wa kijani, hata ule ufa kwenye simiti unaopitisha sisimizi. Na kinachouma zaidi ni kwamba hii lebu inapungua sisi tukiwa tumekaa tunaangalia.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sikuji na mhadhara. Nimekuja na kamba, kopo, kijiti na maswali.

Tuliahidiwa kufanya, si kukariri

Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na wengi wetu tulio kwenye miaka ya ishirini tumeupitia. Unakumbuka ilivyokuwa. Mdudu ana miguu sita na sehemu tatu za mwili: kichwa, kifua na tumbo. Tuliimba hiyo mpaka tukaiota. Lakini ni wangapi kati yetu waliwahi kumgeuza mdudu mmoja na kuhesabu hiyo miguu kwa macho yao? Buibui ana minane, kwa hivyo si mdudu. Tulipata alama kwa kujua hivyo, na hakuna aliyetuomba tutoke nje tukahakikishe.

CBC ilipoanza kwenye madarasa ya chini nchi nzima mwaka wa 2019, ahadi kubwa ilikuwa hiyo hasa: mtoto afanye, aguse, aulize. Madarasa ya chini yakapata somo la mazingira, na kuanzia Gredi ya 4 mpaka ya 6 wakapata Sayansi na Teknolojia. Siku hizi jina limegeuzwa, wanaita CBE, lakini ahadi haijabadilika.

Kilichotokea njiani kila mzazi anakijua. "Kufanya" kukageuka kuwa "kununua". Manila, gundi, rangi, printi, tena printi. Kwenye grupu za WhatsApp za wazazi hiyo ndiyo vita ya kila wiki. Na mimi siwalaumu walimu peke yao. Mwalimu ana watoto sitini darasani, ana fomu za kujaza, na picha iliyobandikwa ni ushahidi rahisi kuwa kazi imefanyika. Mtoto akikaa dakika kumi chini ya mti akiangalia sisimizi, ushahidi wake uko wapi? Uko kichwani mwake, na kichwa hakibandikwi kwa gundi.

Lakini hebu tuulize: sayansi ni nini hasa? Ni jina la mdudu, ama ni kile mtoto anachofanya akimwona?

Kijana wa simba wa Kitengela

Kuna Mkenya aliyejibu swali hili akiwa na miaka kumi na moja, na hakuwa na lebu. Anaitwa Richard Turere. Wengi mnamkumbuka, maana mwaka wa 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED kule Marekani akiwa na miaka kumi na mitatu na akaongea dunia nzima ikamsikiliza.

Familia yake ni Wamaasai wanaofuga karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, upande wa kusini ambako hakuna ua wa kuzuia wanyama. Pundamilia wakitoka mbugani, simba wanawafuata, na simba akikuta ng'ombe usiku hana haja ya kuendelea na safari. Kazi ya Richard ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake. Asubuhi moja wakaamka wakakuta fahali wao wa pekee ameuawa.

Sasa fuatilia alivyofikiri. Wazo la kwanza: simba wanaogopa moto. Akawasha moto. Haikusaidia, kwa sababu mwanga uliwasaidia simba kuona vizuri ndani ya boma. Wazo la pili: wanaogopa mtu. Akasimamisha sanamu ya kutisha wanyama, kama zile za shambani. Siku ya kwanza simba wakaja, wakaona, wakarudi. Siku ya pili wakagundua kile kitu hakisogei, wakaingia. Halafu usiku mmoja akawa anazunguka boma na tochi mkononi, na simba hawakuja. Hapo akapata jibu: simba wanaogopa mwanga unaosogea.

Akatafuta betri kuukuu ya gari, kile kidude cha pikipiki kinachofanya taa za kukata kona ziwake na kuzima, balbu za tochi iliyoharibika, na sola ya kuchaji betri. Akazipanga taa kuzunguka boma, ziwake na kuzima zenyewe. Simba akiziona anadhani mtu anatembea. Majirani wakamwomba naye akawafungia. Kabla ya hapo, kwa njia, alikuwa amefungua redio mpya ya mama yake aone ndani mna nini, na mama hakufurahi hata kidogo.

Ukiondoa simba kwenye hii hadithi, kinachobaki ni hatua nne. Aliangalia. Akadhani. Akajaribu. Ikakataa, akadhani upya. Hiyo ndiyo sayansi, na mtoto wa Gredi ya 4 Umoja anaiweza bila simba hata mmoja.

Majaribio matano ya fildi

Haya ni mambo ambayo darasa linaweza kufanya ndani ya kipindi kimoja ama kwa dakika chache kila siku. Hakuna la kuprinti.

La kwanza ni mraba wa kamba. Kata kamba ya mita nne, funga ncha zikutane, weka vijiti vinne kwenye pembe. Umepata mraba wa mita moja kila upande. Kundi la watoto sita linapewa mraba wake na kazi moja: humo ndani kuna aina ngapi za mimea na aina ngapi za wadudu? Hawahitaji majina ya Kilatini. Wanaweza kuandika "majani ya mviringo yenye manyoya" na kuchora. Kisha wanahamisha mraba. Mmoja unawekwa chini ya mti, mwingine mbele ya goli pale watoto wanapokanyaga kila siku. Wakilinganisha hesabu, watataka kujua kwa nini golini kuna aina mbili za majani na chini ya mti kuna tisa. Hapo mwalimu asijibu haraka. Awaache wabishane. Wiki moja baada ya mvua warudi palepale, wahesabu tena. Na yale majani ambayo hakuna anayeyajua, mtoto apeleke moja nyumbani amuulize shosho ama dani. Utashangaa ni mangapi yana jina kwa lugha ya nyumbani, na ni mangapi yalikuwa mboga ama dawa.

La pili ni sisimizi. Tafuta njia yao, ile mistari yao ya kwenda na kurudi. Weka punje chache za sukari kando na usubiri. Mmoja ataipata kwanza, atarudi nyumbani, na baada ya muda laini mpya itaanza. Sasa mtoto apitishe kidole mara moja kwenye ile njia na kuisugua. Wakifika hapo watasimama, watazunguka, watapotea kidogo, kisha wataunganisha tena. Sababu ni kwamba sisimizi wanaacha harufu chini wakitembea, na wengine wanaifuata. Kidole kimefuta barabara. Mtoto akishaona hivyo, hataisahau.

La tatu ni kivuli cha kijiti, na hili naona ni tamu zaidi kwa sababu Kenya iko kwenye ikweta. Simamisha kijiti cha mita moja mahali palipo wazi, na kila baada ya nusu saa weka alama ya kokoto pale ncha ya kivuli inapofika. Kivuli kikiwa kifupi kabisa, jua limefika juu kabisa. Watoto watadhani ni saa sita kamili. Si saa sita. Nairobi jua hufika juu kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo, kulingana na mwezi. Kwa nini? Kwa sababu saa zetu zimewekwa kwa kufuata mstari unaopita karibu na Mogadishu, na sisi tuko magharibi ya hapo, jua linachelewa kutufikia. Mtoto mwenye binamu Mombasa ampigie simu: huko jua hufika juu takriban dakika kumi na moja kabla ya Nairobi. Wa Kisumu huchelewa kama dakika nane baada ya Nairobi.

Halafu kuna siku mbili kwa mwaka ambazo kivuli karibu kinapotea kabisa Nairobi, karibu tarehe 17 Machi na 26 Septemba, maana jua linapita juu ya utosi. Mwezi wa Juni kivuli cha mchana kinaelekea kusini, Desemba kinaelekea kaskazini. Mtoto wa London hawezi kuona hiyo kwa fildi yake hata akae hapo miaka mia. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, msomi mmoja aliyeitwa Eratosthenes alitumia vivuli vya miji miwili ya Misri, Aswan na Alexandria, kukadiria ukubwa wa dunia nzima. Alichohitaji ni kujua umbali wa kutoka mji mmoja hadi mwingine na tofauti ya vivuli siku moja, saa moja. Kijiti tu hicho.

La nne ni kopo la mvua. Chukua kopo lililonyooka pande zote, lisiwe na shingo, kama lile la maziwa ya unga. Liweke mahali pasipo na mti wala paa juu yake, na uliegemeze kwa mawe lisipeperushwe. Kila asubuhi saa ileile, mtoto wa zamu anatia rula ndani, anaandika ni milimita ngapi, anamwaga. Mvua za masika huwa Machi mpaka Mei, za vuli Oktoba mpaka Desemba, kwa hivyo mihula inatoa mvua ya kutosha.

Sasa hesabu inaingia. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Darasa lenye paa la mita nane kwa sita lina mita 48 za mraba. Ikinyesha milimita kumi tu usiku, paa hilo limepokea lita 480. Hiyo ni mitungi 24 ya lita ishirini. Piga hesabu kwa bei ya mtungi mtaani kwenu, kisha muulize mtoto maji hayo yalienda wapi.

La tano linajibu hilo swali. Toa vifuniko vyote viwili vya kopo ili libaki kama bomba. Likandamize kidogo kwenye udongo chini ya mti, mwaga kikombe kimoja cha maji ndani, na uhesabu sekunde mpaka yaishe. Fanya hivyo hivyo pale golini palipokanyagwa. Fanya na kwenye simiti kama kopo litashika. Chini ya mti maji yatazama haraka. Golini yatakaa. Kwenye simiti hayaendi popote ila pembeni. Kisha chukua udongo kidogo utie ndani ya chupa ya maji, tikisa sana, uache. Mchanga unashuka ndani ya dakika moja hivi, tope laini linafuata, na mfinyanzi unaweza kuchafua maji mpaka kesho yake. Shule za Embakasi zenye ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi zitaona chupa tofauti kabisa na shule za Kiambu zenye udongo mwekundu.

Na hapa mtoto ameingia kwenye jambo zito bila kujua. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, tuliona maji yakipita ndani ya nyumba za watu Mathare, na watu wakafa. Mvua ilikuwa nyingi, ndiyo, na nyumba zilikuwa karibu na mto. Lakini mji uliofunikwa kwa simiti na mabati unatuma maji yote mtoni kwa wakati mmoja. Mtoto aliyehesabu sekunde kwenye makopo matatu anaelewa hilo. Hatahitaji kuelezwa kwa nini miti ya kando ya mto ina maana.

Kabla hamjatoka nje, usalama

Fildi si hatari, lakini ina wenyewe. Yule mdogo mwekundu na mweusi anayeitwa Nairobi fly huja sana wakati wa mvua. Licha ya jina lake si nzi, ni jamii ya mbawakawa, wale wadudu wenye mabawa yaliyofunikwa. Haumi. Shida ni maji ya mwilini mwake: ukimponda kwenye ngozi unapata malengelenge yanayochoma. Kwa hivyo sheria ni moja. Akitua kwako, mpulize atoke, usimpige. Ukimponda kwa bahati mbaya, osha kwa sabuni na maji haraka na usiguse macho.

Siafu wanaangaliwa kutoka mbali, basi. Usitie mkono kwenye shimo wala chini ya jiwe usiloliona chini yake. Geuza kwa kijiti. Fensi ya manyara, ile yenye utomvu mweupe, isivunjwe, maana utomvu huo ukiingia machoni ni hospitali. Hakuna kuonja jani wala tunda. Mdudu akishaangaliwa anarudishwa alipotoka. Na mikono inaoshwa kabla ya kurudi darasani. Mambo ni hayo tu, na mwalimu anaweza kuyasema kwa dakika mbili.

Shule isiyo na fildi je?

Najua kuna mtu wa Pipeline anasoma hii akicheka. Shule anayoijua iko juu ya duka la hardware, na watoto wanacheza kwenye ngazi. Hizo shule ni nyingi, na watoto wake hawafai kuachwa nyuma.

Kivuli cha kijiti kinafanya kazi vizuri sana kwenye paa pale nguo zinapoanikwa, ilimradi kuna ukuta wa kuzuia na mtu mzima yuko hapo. Kopo la mvua pia. Chupa ya plastiki iliyokatwa katikati ikitiwa udongo inaotesha ndengu ndani ya siku chache: moja iwekwe dirishani, moja ifungiwe kabatini, nyingine inyimwe maji. Darasa zima litaona ipi imenyooka, ipi imekuwa nyeupe na ndefu ikitafuta mwanga, ipi imekufa. Sisimizi wako hata ghorofa ya tano. Waulize wanaouza sukari. Na ndege wako kila mahali. Hesabu kunguru na mwewe wanaopita dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Wa Mombasa wana kazi kubwa zaidi, maana kunguru wa Kihindi mwenye shingo ya kijivu amejaa huko mpaka serikali ikatangaza mpango wa kumpunguza. Watoto wanaweza kuhesabu kwenye uwanja wao kama kweli anapungua.

Lakini tusidanganyane. Chupa ya dirishani si sawa na fildi. Na hapa ndipo mambo yanakuwa ya watu wazima.

Fildi huwa haipotei yenyewe

Tarehe 19 Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi shule wakitoka likizo na kukuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Mtu alikuwa ameutaka. Watoto wakiwa na yunifomu, pamoja na wanaharakati, wakausukuma ule ukuta mpaka ukaanguka. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Picha za wale watoto wakikohoa na kushika macho zilizunguka dunia, kukawa na kelele kubwa, na uwanja ukarudi kwa shule.

Tunaikumbuka Lang'ata kwa sababu kulikuwa na kamera. Viwanja vingine vinaisha pole pole bila ukuta wa kusukuma. Leo kona inawekwa maegesho ya magari ya wageni. Mwaka ujao inajengwa ghorofa ya madarasa, na kweli madarasa yanahitajika. Halafu kinachobaki kinamwagiwa simiti kwa sababu vumbi linachafua viatu. Kila uamuzi una sababu yake nzuri. Baada ya miaka kumi mtoto hana mahali pa kuweka mraba wa kamba.

Profesa Wangari Maathai alielewa hili mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo Desemba 2004, mbele ya wakubwa wa dunia, alimalizia hotuba yake kwa kukumbuka kijito cha karibu na nyumbani kwao Nyeri. Akiwa mtoto alikuwa akienda kuteka maji, anacheza kati ya majani ya nduma, na anajaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Kila akiyashika yalikatika. Baadaye akaona viluwiluwi wengi weusi wakiogelea kwenye maji yaleyale. Alisema kijito hicho kimekauka na watoto hawajui tena walichokosa.

Huyo mtoto wa shanga za vyura ndiye aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka wa 1971, akaanzisha Green Belt Movement 1977, na mwaka wa 1989 akasimama kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Sitasema vyura pekee ndio waliomfanya profesa. Lakini mtu hutetea kitu anachokijua. Mtoto ambaye panzi wake wote wametoka kwa printa, akija kuambiwa fildi inauzwa, atatetea nini?

"Lakini hatuna wakati"

Nimesikia malalamiko yote. La kwanza ni idadi: watoto sitini nje watatawanyika. Sitini ni makundi kumi ya sita, kila moja na mraba wake, kiongozi wake na mwandishi wake. Mtoto mwenye kazi maalum hatoroki kirahisi. Na kamba ya makundi kumi ni mita arobaini tu, inanunuliwa mara moja na kutumika miaka.

La pili ni mtihani. Wazazi wanaogopa KPSEA ya Gredi ya 6. Lakini mtoto aliyepima mvua kwa muhula mzima ameshafanya vipimo, jedwali, wastani na grafu, na ameandika sentensi kuhusu alichokiona. Hiyo ni hisabati, sayansi na lugha kwenye kopo moja.

La tatu ni uchafu. Hapo sina jibu zuri. Yunifomu itachafuka. Siku za fildi ziwe siku za nguo za michezo na tusonge mbele.

Pia hatuanzi kutoka sufuri. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa na wanafunzi tangu 1968. Vilabu vya 4-K, vile vya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa na serikali mwaka wa 2021. Shule yenye kilabu ina mlango tayari umefunguka.

Wewe na mimi tunaingilia wapi

Wengi wetu tuko mtaani na masaa mawili ya bure Ijumaa. Wengi tuna mdogo wetu, mtoto wetu ama mtoto wa jirani kwenye shule tuliyosoma. Usiende na hotuba. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa heshima, mwambie ulisomea hapo, na umwombe nafasi ya kusaidia mwalimu mmoja wa sayansi kwa kipindi kimoja. Beba kamba, makopo na kalamu. Usiingie shule bila ruhusa na usipige picha za watoto kuweka mtandaoni. Hao si kontenti yako. Mwalimu ndiye anayeongoza, wewe unashika kamba.

Ukiwa hapo, uliza swali moja la watu wazima: hati ya ardhi ya hii shule iko wapi, na mipaka ya fildi ni ipi? Kama mzazi, liulize kwenye mkutano wa wazazi. Swali hilo halina matusi wala siasa, lakini likiulizwa mara nyingi na watu wengi, anayepanga kuja na ukuta usiku atafikiri mara mbili.

Na wiki hii, mdogo wako akikuambia anataka picha ya jani la rangi, usitoe simu kwanza. Mshike mkono mtoke nje, mtafute majani matano tofauti, mlaze karatasi juu ya kila moja na asugue kwa penseli mpaka mishipa itokee. Mwalimu akikataa hiyo kazi, niandikie. Lakini sidhani atakataa.